Jinsi Swichi Zilivyopata Ramani

Harvard, Krismasi ya 1973

Siku ya Krismasi mwaka 1973, pakiti za mtandao wa ARPANET zilianza kumiminika kuelekea Harvard. Hakuna aliyezituma huko. Kumbukumbu ya mashine iliyokuwa ikiongoza pakiti pale chuoni ilikuwa imeharibika, na mashine hiyo ikawa inawaambia majirani zake kwamba umbali kutoka kwake hadi kituo chochote cha mtandao ni sifuri. Majirani waliamini, nao wakawaambia majirani zao, na baada ya muda mfupi mzigo wa mtandao ulikuwa unaishia kwenye shimo moja.

ARPANET ulikuwa mradi wa Idara ya Ulinzi ya Marekani, ulioanza kufanya kazi mwaka 1969. Mashine zake za kuongoza pakiti, zilizoitwa IMP, zilijengwa na kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, kwa kutumia kompyuta ndogo za Honeywell. Kila IMP ilikuwa na jedwali la umbali wa kufika kila mahali, na kila baada ya muda usiotimia hata sekunde moja iliwapa majirani jedwali hilo na kupokea la kwao. Haikujua mtandao una umbo gani. Ilikuwa kama mgeni anayesafiri kwa kuuliza njia, anayefuata mkono wa kila anayemkuta bila kujua huyo naye alielekezwa na nani.

Mpango huo ulikuwa mwepesi kwa kompyuta za wakati ule, na mtandao ulipokuwa na vituo vichache ulitosha. Kasoro yake ilionekana njia ilipokatika. Chukua vituo viwili vilivyokuwa vikifika cha tatu kwa njia moja. Njia ikifa, cha kwanza kinamsikia jirani akisema anafika kule kwa hatua mbili, kwa hiyo kinajiandikia hatua tatu. Jirani, ambaye hatua zake mbili zilipitia kwa huyo huyo wa kwanza, anasikia tatu na kujiandikia nne. Wanaendelea kupandishiana namba, na pakiti zinarushwa huku na huko kati yao hadi hesabu ifike ukomo.

Itifaki ya uelekezaji ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988 lakini ikiwa tayari imeenea, iliurithi ugonjwa huu pamoja na tiba yake ya kikatili: hatua 16 zilihesabiwa kuwa ni umbali usiofikika. Mtandao wenye safari ya hatua zaidi ya 15 haukuwa na nafasi ndani ya RIP.

Kutoka Amsterdam 1956 hadi Cambridge 1979

Dawa ilikuwa imeshaandikwa, ila haikuandikwa kwa ajili ya mitandao. Mwaka 1956 Edsger Dijkstra alikuwa mtaalamu kijana wa programu katika Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, akitafuta tatizo la kuonyeshea uwezo wa kompyuta mpya ya ARMAC ambalo hata wasio wanahisabati wangelielewa. Akiwa amekaa mkahawani na mchumba wake baada ya kuzunguka madukani, alitunga kichwani namna ya kupata njia fupi kabisa kati ya miji miwili. Kwa maelezo yake mwenyewe ilimchukua kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi. Kwenye maonyesho alitumia ramani ya miji 64 ya Uholanzi, kwa sababu biti 6 zinatosha kuutaja mji mmoja kati ya 64. Makala yenyewe, ya kurasa chache tu, ilichapishwa mwaka 1959.

Hesabu ya Dijkstra inadai kitu kimoja ambacho IMP hazikuwa nacho, yaani ramani nzima. Miaka ishirini baadaye John McQuillan, Ira Richer na Eric Rosen wa BBN walibuni namna ya kumpa kila mmoja ramani hiyo. Kila IMP ilikatazwa kutoa maoni kuhusu sehemu za mbali. Kazi yake ikawa kupima ucheleweshaji kwenye viungo vyake yenyewe, kuweka wastani wa sekunde 10, na kutangaza matokeo. Tangazo lilisambazwa kwa kila upande hadi limfikie kila mwanachama wa mtandao, na kila mmoja aliunganisha matangazo yote kuwa ramani na kujipigia hesabu ya njia fupi. Kwa kuwa ramani ni moja na hesabu ni moja, majibu yalipaswa kukubaliana. Huo ndio uelekezaji wa hali ya viungo, na ARPANET iliupokea mwaka 1979.

27 Oktoba 1980

Siku hiyo ARPANET ilisimama kwa saa kadhaa. Eric Rosen aliandika ripoti ya tukio hilo, iliyotolewa mwaka 1981 kama waraka wa RFC 789, na kwangu mimi ni moja ya nyaraka za heshima kubwa katika historia ya kompyuta. Mtu aliyeshiriki kubuni mfumo alikaa chini na kueleza bila kuficha jinsi mfumo huo ulivyojinyonga.

Kila tangazo lilikuwa na namba ya mfuatano, ili anayelipokea ajue kama ni jipya au la zamani. Namba ilikuwa ya biti 6, kuanzia 0 hadi 63, kisha kurudi 0. Kwa kuwa zilizunguka, ilibidi kuwe na kanuni ya kuamua ipi imetangulia: namba ilihesabiwa kuwa mpya kuliko nyingine ikiwa iko mbele yake kwa safari isiyozidi nusu ya duara.

Mashine mbili zilihusika, namba 29 na namba 50. Kwenye IMP 29, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa ikidondosha biti, matangazo yaliyotoka IMP 50 yalipoteza sura. Namba 44 kwa biti ni 101100. Ukidondosha 1 moja unapata 101000, yaani 40. Dondosha nyingine unapata 001000, yaani 8. Basi mtandaoni yakawepo kwa pamoja matangazo matatu ya mashine moja yenye namba 8, 40 na 44. Sasa pima kwa ile kanuni. 44 ni mpya kuliko 40. 40 ni mpya kuliko 8, kwa kuwa iko mbele kwa 32. Lakini 8 nayo ni mpya kuliko 44, kwa sababu ukizunguka kutoka 44 kupitia 0 unafika 8 baada ya hatua 28 tu.

Kwa hiyo kila tangazo lilikuwa jipya kuliko lililotangulia, milele. Kila IMP ilipokea moja, ikaliona jipya, ikalihifadhi na kulisambaza, ikapokea lililofuata, na ikarudia. Kazi hiyo ilipewa kipaumbele kuliko pakiti za watu, hivyo mashine zikajaa matangazo hayo tu. Kuizima na kuiwasha mashine moja hakukusaidia, maana jirani aliirudishia ugonjwa ule ule ilipoamka. Wahandisi wa BBN waliponya mtandao kwa kuwekea IMP kiraka cha programu kilichoziamuru zisisikilize tangazo lolote kutoka IMP 50.

Hitilafu ya 1973 ilitokana na mmoja aliyesema uongo kuhusu wengine. Hii ya 1980 ilitokana na maneno ya mmoja kuharibikia mikononi mwa mwingine, kwenye kumbukumbu ambako hakuna aliyeyakagua, kwa sababu hesabu ya uhakiki ilifanyika pakiti ilipokuwa njiani tu. Karibu kila ulinzi uliomo leo ndani ya itifaki za hali ya viungo unaweza kuufuatilia hadi saa zile chache.

1983 hadi 1991: kuufunga mlango

Wa kwanza kulishika somo hilo kwa ukamilifu alikuwa Radia Perlman wa kampuni ya DEC. Katika makala yake ya 1983 alidai kwamba mtandao lazima ujiponye wenyewe baada ya mashine mbovu kuondolewa, bila mtu kuweka kiraka. Namba za mfuatano ziende mbele kwa mstari badala ya kuzunguka, na kila tangazo liwe na umri, likizeeka life. Mawazo hayo yaliingia kwenye DECnet ya awamu ya tano, na kutoka hapo ikazaliwa IS-IS, iliyokuja kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO.

Upande wa intaneti, wahandisi wa IETF, jumuiya inayotunga viwango vya intaneti, walikusanyika mwishoni mwa miaka ya 1980 kutafuta mrithi wa RIP ambaye hatakuwa mali ya kampuni yoyote. Cisco ilikuwa tayari na IGRP, nzuri kuliko RIP, lakini ilikuwa ya Cisco peke yake. Aliyebeba kalamu ni John Moy wa kampuni ndogo ya Proteon, Massachusetts. Toleo la kwanza la mrithi huyo, OSPF, nayo ya hali ya viungo kama IS-IS, lilitoka mwaka 1989, la pili mwaka 1991, na baada ya marekebisho kadhaa likatulia kwenye RFC 2328 ya Aprili 1998, yenye kurasa 244, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo.

Ukiisoma OSPF huku ukiikumbuka Oktoba 1980, kila kifungu kinakuwa na sababu. Namba ya mfuatano ni ya biti 32 na haizunguki. Ruta, yaani mashine ya kuongoza pakiti, hairuhusiwi kutoa toleo jipya la tangazo lile lile kabla ya sekunde 5 kupita, kwa hiyo ingechukua zaidi ya miaka 600 kuzimaliza namba, na hata zikiisha, tangazo la zamani sharti lifutwe mtandao mzima kwanza. Tangazo hutolewa upya kila baada ya dakika 30, na lisipotolewa upya hufa likifikisha dakika 60. Hesabu ya uhakiki hukaa na tangazo hata likiwa limehifadhiwa, ili biti ikidondoka kwenye kumbukumbu ijulikane. Majirani hupeana pakiti za salamu kila sekunde 10, na asiyesikika kwa sekunde 40 huhesabiwa amekufa. Mtandao mkubwa hugawanywa katika maeneo, na yote huungana kwenye eneo namba 0, ambalo ndilo mkongo.

Swichi bila ramani

Hadi hapo tunazungumzia ruta. Ndani ya majengo ya ofisi na vyuo mambo yalikwenda njia nyingine, na chanzo chake ni Perlman huyo huyo.

Ruta za miaka ya 1980 zilikuwa ghali na za polepole, kwa sababu kila pakiti ilipita mikononi mwa programu. Watu walitaka kuunganisha vipande vya Ethernet bila kugusa anwani za IP. Tatizo ni kwamba fremu ya Ethernet haina umri. Pakiti ya IP hubeba namba inayopungua kila ruta inapoipitisha, na ikifika sifuri hutupwa. Fremu ikinaswa kwenye kitanzi itazunguka hadi mtu achomoe waya, na zile za matangazo, yaani zinazotumwa kwa kompyuta zote, huzaliana kila zinapopita. Mwaka 1985 Perlman aliombwa na DEC alitatue hilo, akabuni STP: vifaa vinachagua kimoja kuwa shina, vinachora mti kutoka hapo, na kiungo chochote kinachozidi kinafungwa.

Ilikuwa kazi safi, na ndiyo iliyoiwezesha Ethernet kuenea. Lakini ilikuwa na gharama mbili. Kiungo cha akiba ulichokilipia kilikaa kimefungwa bila kufanya kazi. Na mti ukikatika, kuuchora upya kulichukua sekunde 30 hadi 50.

Kampuni ya Kalpana ilitoa swichi ya kwanza ya Ethernet mwaka 1990, na Cisco ikainunua mwaka 1994. Swichi zilikuwa za haraka na bei yake ikaendelea kushuka. Wauzaji wakahubiri kwamba mtandao uwe wa swichi kila inapowezekana, na ruta itumike pale tu inapolazimu. Mitandao ya tambarare, yenye maelfu ya kompyuta ndani ya uwanja mmoja wa matangazo, ikaanza kukua kimyakimya.

1996 hadi 2003: chipu

Wakati huo huo mwelekeo wa mzigo ulikuwa unageuka. Seva ziliondoka kwenye idara na kukusanywa chumba kimoja, na intaneti ikaingia, hivyo sehemu kubwa ya pakiti sasa ililazimika kuvuka kutoka mtandao mdogo mmoja hadi mwingine. Kila kuvuka kulihitaji ruta, na ruta ndiyo iliyokuwa mlango mwembamba.

Mwaka 1996 zilianzishwa Extreme Networks na Foundry Networks, na mwaka uliofuata Bay Networks ikanunua Rapid City. Zote zilikuwa zikifuata jambo moja: kuandika kazi ya ruta ndani ya chipu. Kichwa na mikono vikatenganishwa. Prosesa ya kawaida iliendesha OSPF, ikazungumza na majirani na kupiga hesabu ya Dijkstra. Matokeo yalishushwa kwenye chipu, nayo ikasukuma pakiti kwa kasi ya waya.

Njia ya kwanza ya kushusha matokeo hayo haikuwa nzuri. Swichi nyingi zilipeleka pakiti ya kwanza ya kila mazungumzo kwa prosesa, kisha zikaikumbuka njia kwa zilizofuata. Kwa matumizi ya kawaida ilifaa. Lakini vilipokuja virusi vya mtandaoni kama Code Red mwaka 2001 na Slammer Januari 2003, vilivyokuwa vikirusha pakiti kwa anwani za kubahatisha, kila pakiti ikawa ya kwanza na prosesa zikalemewa. Muundo ulioshinda ni ule wa kushusha jedwali lote mapema, kabla ya pakiti yoyote kufika. Unaendana vizuri na hali ya viungo, kwa sababu mwenye ramani anazijua njia zote hata kama hakuna aliyezipita bado.

Boston, Novemba 2002

Teknolojia kuwepo hakumaanishi watu wataihamia. Kilichowasukuma wengi ni hofu, na kisa kilichosimuliwa zaidi ni cha hospitali ya Beth Israel Deaconess, Boston.

Hospitali hiyo ilitokana na muungano wa hospitali mbili mwaka 1996, na mtandao wake ulikua kwa kuunganishwa vipande hadi ukawa tambarare kubwa inayotegemea STP. Kwa vipima-muda vyake vya kawaida, STP hukusudiwa safari isiyozidi swichi 7. Baadhi ya njia za hospitali zilikuwa zimepita hapo. Novemba 2002 mzigo mkubwa wa data ya utafiti uliingia mtandaoni, swichi zikachelewa kupokea ujumbe wa STP, viungo vilivyofungwa vikafunguka, na vitanzi vikaanza. Walijaribu kukata sehemu na kurudisha, hali ikatulia na kuvurugika tena.

Kwa siku kama nne hospitali ilirudi kwenye karatasi. Majibu ya maabara yalibebwa kwa mikono, na madaktari vijana waliozoea kompyuta walilazimika kujifunza kuandika maagizo ya dawa kwa kalamu. Cisco ilileta wahandisi na swichi mpya kubwa, na mtandao ukajengwa upya kwa kuugawa vipande vinavyotenganishwa na uelekezaji wa IP, ili kitanzi kikitokea kiishie kipande kimoja. Mkuu wa teknolojia ya hospitali, John Halamka, alifanya alichofanya Rosen mwaka 1981: alisimulia hadharani, kwa undani, ili hospitali nyingine zijikague.

Kuingia kwenye kabati la ghorofa

Miaka iliyofuata ramani ilishuka kutoka swichi kuu hadi kabati la nyaya la kila ghorofa. Faida yake inaonekana kebo ikikatika. Swichi ya ghorofa iliyounganishwa kwa nyuzi mbili hutumia zote mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu OSPF inakubali njia mbili zenye gharama sawa. Uzi mmoja ukikatika, mwanga unapotea, poti inaanguka papo hapo bila kusubiri zile sekunde 40, na mzigo unahamia uzi wa pili kabla aliye kwenye simu hajagundua.

Mafundi walilipia ujuzi huo kwa kuhangaika na mambo madogo. Swichi mbili zinaweza kusalimiana vizuri kisha zikakwama kwenye hali ya EXSTART, zisifike FULL kamwe, kwa sababu upande mmoja umewekewa ukubwa wa juu wa pakiti (MTU) wa baiti 1500 na mwingine 9000. Aliyekutana na hilo mara moja hukagua MTU kwanza maisha yake yote.

Kizuizi kikubwa kuliko ujuzi kilikuwa leseni. Chipu ilikuwa tayari ndani ya boksi, lakini programu ya msingi ya swichi nyingi ilikupa RIP na njia za kuandika kwa mkono tu, na OSPF ikauzwa pembeni. Baadaye Cisco ililegeza kwa swichi zake ndogo, ikaruhusu OSPF ya kabatini isiyozidi njia 200. Mnunuzi mwenye bajeti finyu, ambaye ndiye hana fundi wa zamu usiku na anauhitaji zaidi mtandao unaojiponya, ndiye aliyenyimwa.

Afrika Mashariki tulilikuta kwa uzito swali la wapi uelekezaji ufanyike baada ya Julai 2009, kebo ya chini ya bahari ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Wakati vyuo vilipotegemea setilaiti, udhaifu wa ndani ulijificha nyuma ya ufinyu wa nje. Mafunzo ya AfNOG, jumuiya ya waendeshaji wa mitandao Afrika, yaliyoanza Cape Town mwaka 2000 na kufika Nairobi 2006, Kigali 2010 na Dar es Salaam 2011, pamoja na wakufunzi wa NSRC wa Chuo Kikuu cha Oregon, yaliwapa mafundi wa vyuo vikuu kanuni iliyo kinyume na mahubiri ya miaka ya tisini: kitovu cha mtandao wa chuo kifanye uelekezaji, swichi za kawaida zibaki pembezoni.

Baada ya mti

Perlman mwenyewe hakuridhika na mti wake. Mwaka 2004 alipendekeza swichi zinazoendesha IS-IS kati yao huku kompyuta zikiendelea kuona Ethernet ya kawaida, na fremu zikapewa ile namba inayopungua ambayo hazikuwahi kuwa nayo. Pendekezo hilo likawa TRILL, kiwango cha IETF cha mwaka 2011. IEEE ilitoa mshindani wake, SPB, mwaka 2012, nayo pia ndani yake ina IS-IS. Kugawanyika huko kuliziumiza zote mbili. Vituo vikubwa vya data vilichagua itifaki nyingine ya uelekezaji, BGP, lakini katika bidhaa kama ACI ya Cisco, IS-IS inaendelea kufanya kazi chini kwa chini, na wasimamizi wengi hawajawahi kuigusa.

Kuhusu leseni, mlango ulifunguliwa kutoka upande ambao wauzaji hawakuutazamia. Kunihiro Ishiguro alianza kuandika Zebra, programu huria ya uelekezaji, mwaka 1996. Kutoka kwake ikatoka Quagga, na kutoka Quagga ikatoka FRRouting mwaka 2017. Cumulus Networks iliweka Linux na Quagga juu ya swichi za kawaida kuanzia 2013, na Microsoft ikatoa SONiC mwaka 2016, ambayo leo huendesha FRRouting. Kwenye swichi ya namna hiyo OSPF haina bei yake pembeni, na fundi anaweza kuifungua, kusoma msimbo wake na kukuta pale palipoandikwa dakika 60, sekunde 40 na namba ya biti 32.